Adui Uliyemkanyaga Jana Leo Ni Jitu

Mzazi apitaye sebuleni Jumapili alasiri na kuwakuta watoto wameikodolea runinga macho huona vurugu tu. Kijibwana chenye kofia nyekundu na masharubu kinakimbia, kinaruka mtaro, kinagonga matofali, kinatumbukia shimoni; na mtoto aliyeshika vibonyezo anapiga ukelele kana kwamba ni yeye aliyetumbukia. Mzazi hutikisa kichwa akaenda zake jikoni.

Lakini hebu asimame kando ya kochi dakika kumi. Ataona kuwa maadui wa kijibwana huyo ni wale wale, siku nenda siku rudi. Kuna kile kiumbe cha kahawia mfano wa uyoga wenye miguu, kuna kobe, kuna mmea mla watu unaochungulia kutoka kwenye bomba. Watoto wamewazoea kama walivyomzoea muuza maziwa. Halafu ghafla, katika ngazi fulani, anatokea mmoja wa hao hao akiwa ameijaza nusu ya kioo. Sura ni ile ile, mwendo ni ule ule, ila sasa kofia nyekundu haifiki hata mdomoni pake. Sebule inanyamaza. "Mama, njoo uone!"

Huyo ndiye tunayemzungumzia leo. Michezo ya kurukaruka majukwaa imejaa mazimwi ya kila namna, yenye pembe, yenye mabawa, yenye kutema moto. Hata hivyo jitu ambalo wachezaji hulikumbuka hadi utu uzima mara nyingi ni yule adui wa kawaida aliyekuzwa. Kazi hiyo yaonekana rahisi: chukua picha ya zamani, izidishe ukubwa. Sivyo. Wako watungaji walioifanya vizuri na wako walioifanya ovyo, na tofauti yao inafaa kujulikana na mzazi anayenunua mchezo, na hasa na mwanafunzi anayejifunza programu akiwa na ndoto ya kutunga wa kwake.

Uyoga wenye miguu

Tuanze na yule wa kahawia. Anaitwa Goomba. Wajapani humwita Kuribō, jina linalotokana na kuri, njugu kubwa ambayo huchomwa na kuuzwa barabarani kule Japani kama tunavyouziwa mahindi ya kuchoma hapa. Alizaliwa mwaka wa 1985 katika mchezo wa Super Mario Bros. wa kampuni ya Nintendo ya mjini Kyoto, uliotungwa na Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka.

Waliokua mijini katika miaka ya 1990 watamkumbuka kupitia zile mashine za kuiga zilizochomekwa kwenye runinga, na kaseti za manjano zilizojigamba kuwa na michezo chungu nzima ilhali ni michache inayojirudia. Mario alikuwamo karibu kila kaseti.

Goomba aliingizwa mchezoni mwishoni kabisa. Adui wa kwanza aliyekusudiwa alikuwa kobe, lakini kobe ana mambo: ukimkanyaga hujificha gambani, gamba nalo ukilipiga teke huserereka, likigonga ukuta hukurudia wewe mwenyewe. Hayo yalikuwa mazito kwa mtu ambaye ndiyo kwanza anashika vibonyezo. Palihitajika adui wa kukanyagwa akafa, basi. Nafasi kwenye kaseti ilikuwa imebaki finyu, kwani mchezo mzima ulipaswa kutoshea katika kilobaiti 40, na kwa hivyo Goomba akachorewa picha moja tu ya kutembea. Hugeuzwa kulia, hugeuzwa kushoto, jicho likadanganyika kuwa anapiga hatua.

Hana silaha. Haruki. Hakutafuti. Anakwenda mbele mpaka agonge kitu ageuke, au afike ukingoni aanguke. Na bado Goomba wa kwanza kabisa, yule anayekuja sekunde chache baada ya mchezo kuanza, amewaua wachezaji wapya wasiohesabika. Baada ya hapo hawamwogopi tena maishani. Watamkanyaga mara mia, mara elfu, bila kumtazama usoni.

Liweke hilo akilini, msomaji, maana ndipo penye ufunguo wa habari yetu.

Nchi ya majitu

Mnamo Oktoba 1988 Nintendo ilitoa Super Mario Bros. 3 nchini Japani. Wamarekani waliupata mwaka wa 1990 na Ulaya mwaka wa 1991. Mchezo huo una nchi nane za kupitia. Kuna ya jangwa, ya bahari, ya barafu. Ya nne ni nchi ya majitu.

Mchezaji anapoingia huko hakuti adui mgeni. Anamkuta Goomba, anamkuta kobe, anaukuta ule mmea wa kwenye bomba. Ila wote wamekuzwa, na si wao pekee: matofali yamekuzwa, mabomba yamekuzwa. Ni Mario pekee aliyebaki kama alivyo. Kwa maneno mengine, hao maadui hawakuota ukubwa. Wako kwao, katika nchi iliyojengwa kwa kimo chao, na mgeni asiyetosha ni wewe.

Nadhani hiyo ndiyo sababu watoto waliipenda nchi hiyo kuliko nyingine zote. Mtoto wa miaka saba anaishi katika nchi ya majitu kila siku. Ngazi ya matatu inamfika kiunoni, kitasa cha mlango kiko juu, kaunta ya dukani haoni nyuma yake. Mchezo ulimpeleka mahali anapopajua, ukampa na uwezo wa kuruka.

Tena tazama werevu wa watungaji. Goomba mkubwa wa nchi ya nne hufa kwa kukanyagwa mara moja tu, sawa na mdogo. Hawakumwongezea uhai, hawakumpa moto wa kutema. Kilichobadilika ni hesabu ya mrukaji. Kichwa cha kukanyaga kiko juu zaidi, kwa hiyo ni lazima uruke mapema. Mwili umepanuka, kwa hiyo nafasi ya kutua kati ya adui wawili imekwisha. Vidole vilivyozoea kuruka kwa wakati fulani vinakusaliti. Unachokijua bado ni kweli, ila hakitoshi.

Katika ngazi ya sita ya nchi hiyo kuna mzaha mtamu. Kuna milango ambayo ukiingia na kutoka, maadui waliokuwa wakubwa wanakuwa wadogo, na waliokuwa wadogo wanakuwa wakubwa. Njia ni ile ile. Mchezaji anaweza kulinganisha kwa macho yake jinsi kimo kinavyogeuza mahali pa mchezo kuwa mahali pa hofu.

Mashine ilivyolalamika

Kijana wa leo anaweza kuuliza: mbona basi majitu hayakujazwa kila mahali? Jibu ni kwamba mashine zenyewe hazikuweza.

Mashine ya Nintendo ya wakati huo ilichora vitu vinavyotembea kwa kuunganisha vipande vidogo vya picha, kila kimoja kikiwa na upana wa nukta 8. Kwenye kioo kizima ingeweza kuonyesha vipande 64, lakini katika mstari mmoja wa kioo haikuruhusu zaidi ya 8. Cha tisa hakionekani. Sasa fanya hesabu. Adui wa kawaida mwenye upana wa nukta 16 hula vipande viwili katika mstari. Mzidishe mara mbili, atakula vinne. Waweke wawili bega kwa bega, vinane vimekwisha, na Mario hajafika. Akifika, programu inalazimika kuwaficha na kuwafichua kwa zamu, haraka haraka, na ndipo picha inapopepesa kama taa ya umeme unaotaka kukatika.

Watungaji wengine walitafuta njia ya panya. Katika Mega Man 2, mchezo wa kampuni ya Capcom wa mwaka huo huo wa 1988, kuna joka la chuma linalojaza sehemu kubwa ya kioo. Joka hilo halikuchorwa kama kitu kinachotembea. Lilichorwa kama mandhari. Kwa sababu hiyo nyuma yake pamebaki weusi mtupu, hakuna anga wala jengo. Wachezaji walidhani ni usiku umeingia kwa ajili ya kuwatisha.

Hapo nawe utaelewa kwa nini kumkuza adui wa zamani kulipendwa. Kwa bei ya nafasi kidogo kwenye kaseti ulipata kishindo. Mchezaji alikwisha kumjua mhusika, hakuhitaji kufundishwa.

Kuhusu maumbile ya kweli, wala usiwe na wasiwasi wa kukutana na mende mkubwa kama basi. Galileo alikwisha kueleza mwaka wa 1638: ukimkuza mnyama mara mbili kwa urefu, upana na kina, uzito wake huwa mara nane, ilhali nguvu ya mifupa ya kumbeba huwa mara nne tu. Mzidishe zaidi na miguu itavunjika chini yake. Ndiyo maana mguu wa tembo ni kama gogo, si mguu wa swala uliorefushwa. Goomba wa nchi ya nne, mwenye vijiguu vile vile, angelala kifudifudi siku ya kwanza.

Wivu wa Uingereza

Mashine iliyofuata, Super Nintendo, ilitoka Japani mwaka wa 1990 ikiwa na nguvu zaidi: vipande 128 kwenye kioo, na kimoja kiliweza kufika nukta 64 kwa 64. Super Mario World, mchezo uliotoka pamoja nayo, ulitaka kuonyesha nguvu hizo mapema. Katika mojawapo ya ngazi mbili za mwanzo kabisa mchezaji anatumiwa kombora lenye macho na meno, kubwa mara nyingi kuliko Mario. Ni ile ile risasi nyeusi ya michezo ya zamani, imenenepeshwa. Mtoto hupiga mayowe. Halafu hugundua kwamba kombora linakwenda moja kwa moja bila kukata kona, na kwamba ukilirukia mgongoni linaanguka. Katika mchezo huo huo kuna fuko mkubwa ambaye hafi kwa kukanyagwa. Lakini mgongo wake umekuwa mpana kiasi kwamba unaweza kusimama juu yake akakubeba. Adui amegeuka kuwa gari. Kwangu mimi hilo ndilo wazo bora kuliko yote ya mchezo ule.

Mwaka wa 1994 kampuni ya Rare ya Twycross, Uingereza, ilitoa Donkey Kong Country. Picha zake zilichorwa kwanza kwa kompyuta za bei ghali, na dunia nzima ilishika mdomo. Ni mchezo mzuri, sikatai. Lakini tazama mabosi wake, yaani wale wanaolinda mwisho wa kila sehemu. Wa kwanza ni biva, mnyama wa mitoni kule Marekani mwenye meno ya kutafuna miti, ambaye ulikwisha kumkanyaga njiani, sasa amekuzwa. Wa pili ni tumbusi uliyekwisha kumpita. Amekuzwa, tena kinachoonekana ni kichwa chake tu kikichungulia kutoka pembeni na kutema njugu, nawe unamrukia kwa kudunda kwenye tairi. Wa tatu ni nyigu aliyekuzwa. Wa nne? Biva yule yule amerudi na rangi nyingine. Wa sita ni tumbusi tena.

Huo si ubunifu, ni upishi wa kuongeza maji kwenye mchuzi. Biva mkubwa anarukaruka, unamkanyaga mara kadhaa, anakufa. Ukubwa wake haujibu lolote ulilojua kuhusu biva mdogo, wala hauligeuzi. Mchezaji anajua kwamba watungaji walikuwa na pupa, au walichoka. Mchezo wenyewe ulipata sifa kwa mandhari na muziki wake, na kwa haki, lakini ni nadra kumsikia mtu akisimulia kwa furaha alivyomshinda yule biva.

Paka wa Sultani

Tusidhani Wajapani ndio walioligundua jambo hili. Babu zetu wa pwani walikuwa nalo zamani. Mwaka wa 1870 Edward Steere alichapisha mjini London kitabu cha hadithi alizosimuliwa Unguja, na mojawapo ni ya Sultani Majinuni na paka wake.

Huyo alikuwa paka wa nyumbani, wa kufukuza panya. Akaanza kula mifugo ya watu. Watu wakaenda kushtaki. Sultani akawajibu kwamba paka ni wake na mali iliyoliwa ni yake pia, wamwache. Paka akala wanyama wakubwa zaidi, kisha akala watu, mpaka siku moja akawala wana wa Sultani. Kufikia hapo hakuwa paka tena. Jina lake ni Nunda mla watu.

Mwana mdogo aliyesalia akatoka kumsaka. Hamjui sura. Anaua mnyama, anamleta kwa mama yake, mama anamwambia siye. Anarudi porini, anaua mkubwa zaidi, siye. Anaanza na mbwa, na kabla ya kumfikia Nunda mwenyewe amekwisha kumwangusha tembo. Mtoto wa leo akisimuliwa hadithi hiyo atakuambia mara moja kwamba hizo ni ngazi, na Nunda ndiye bosi wa mwisho.

Kinachotisha katika hadithi si ukubwa wa Nunda. Simba ni mkubwa na hatumwoni wa ajabu. Kinachotisha ni kwamba kila mtu mjini alimjua akilala kwenye mkeka.

Michoro miwili, mwanya mmoja

Mwaka wa 1996 Mario aliingia katika mchezo wenye pande tatu, Super Mario 64, na watungaji wakalirudia wazo la nchi ya majitu kwa namna mpya. Kuna kisiwa kimoja chenye milango miwili, na kila mlango ni mchoro uliotundikwa ukutani. Ukiingia mmoja, kisiwa ni kidogo na wewe ndiwe jitu. Ukiingia mwingine, Goomba amesimama juu yako kama nyumba. Chumba chenyewe kimejengwa kwa hila: ukisimama mahali fulani michoro yaonekana sawa kwa ukubwa, kumbe mmoja ni mkubwa mno na uko mbali.

Na Goomba mkubwa wa kisiwa hicho ana siri. Ukimkanyaga kikawaida anakuachia sarafu ya manjano, yenye thamani ya moja. Ukijiangusha juu yake kwa makalio anaacha ya buluu, yenye thamani ya tano. Hujaambiwa popote. Umegundua mwenyewe kwa kujaribu jambo ambalo kwa mdogo usingejisumbua kulijaribu.

Vumbi la Kamek

Lakini walioliweza jambo hili kuliko wote, kwa maoni yangu, ni watungaji wa Yoshi's Island, mchezo wa Nintendo wa mwaka wa 1995. Kaseti yake iliwekewa kichipu cha ziada kilichoweza kuikuza na kuizungusha picha papo hapo. Wangeweza kukitumia kwa mbwembwe tu. Wakakitungia hadithi.

Mario hapa ni mtoto mchanga, amebebwa mgongoni na Yoshi, mjusi mpole atupaye mayai. Kila unapofika mwisho wa ngome unaingia chumbani na kumkuta adui mdogo wa kawaida, mmoja wa wale uliowameza njiani bila kufikiri. Amekaa tu. Kisha mchawi Kamek anaingia akipanda ufagio, anakutukana kidogo, anamnyunyizia yule mdogo vumbi la uchawi, naye anafura mbele ya macho yako mpaka anajaza chumba. Hukukutana na jitu, umeliona likifanywa.

Na kila mmoja ukubwa wake unamtia katika taabu ya kwake. Yupo mnene wa kurukaruka aliyevaa suruali: kila yai linalompata linaishusha suruali, mpaka anaaibika. Yupo tone la ute. Kila ukimpiga anapungua, na vipande vinavyomeguka vinakuwa matone madogo ambayo Yoshi anaweza kuyameza na kuyafanya mayai ya kumpigia tena. Yupo mzuka anayefanya kinyume, kila akipigwa anazidi kukua, na chumba kinazidi kukufinya, hadi anapasuka. Kobe naye, akiwa amesimama kwa miguu miwili kwa majivuno, ukimpiga anaangukia mgongo na hawezi kuinuka upesi, ndipo unamwangukia tumboni. Kuna na mahali ambapo Kamek anabadilisha mawazo: chura anabaki chura, Yoshi ndiye anayefanywa mdogo akamezwa, na pambano linakuwa ndani ya tumbo, ukilenga kimio.

Hakuna hata mmoja anayeshindwa kwa njia ya mwenzake. Ndiyo maana waliocheza mchezo huo utotoni huweza kukutajia mabosi wake kwa mpangilio, na wale wa biva hawawezi. Mchezo huo, pamoja na ile mingine ya Mario tuliyoitaja, unaweza kuchezwa hadi leo kupitia huduma ya kulipia ya Nintendo kwa mashine zake mpya. Mzazi anayetaka kulinganisha asikae kubahatisha.

Akifanya hivyo, amwache mtoto afike ngome ya mwisho ya nchi ya tatu bila kumdokezea lolote. Huko bosi ni ule mmea mla watu, na chumba kimejaa maji. Wachezaji wengi husogea mbele, Kamek akatokea, akanyunyiza vumbi, na mmea ukawa jitu la kuhangaikia. Lakini Kamek hatokei mpaka umesogea. Kabla ya hapo mmea uko kule ng'ambo, mdogo, unafungua na kufunga mdomo. Mchezaji mwenye yai na shabaha nzuri anaweza kusimama mbali, akalitupa, na likaupata mmea ungali mdogo. Unakufa pale pale. Ndipo Kamek anapoingia na ufagio wake, amejiandaa kwa hotuba. Anatazama, hakuna wa kukuzwa, anapiga yowe la mshangao, anaondoka.